Ndege iliyostaafu Dar es Salaam: toa chumvi kabla ya kuwaza rangi

Ndege ya kivita au ya utafiti ikiegeshwa nje hapa Dar, mvua siyo adui wake mkubwa. Adui ni chumvi inayoletwa na upepo wa bahari na kunasa mahali mvua isikofika. Chunguza tumbo, chini ya mabawa na vyumba vya magurudumu: huko ndiko bati hufura kwanza, huku mgongo unaosuuzwa na masika kila mwaka ukiwa bado mzima. WB-57F, ndege ya utafiti ya NASA (shirika la anga la Marekani) yenye namba 927, iliruka tena mwaka 2013 baada ya kuhifadhiwa miaka 41 katika jangwa la Arizona. Sisi hatuna hewa kavu kama ile, kwa hiyo kinachofanywa na jangwa kule, hapa kitafanywa na mikono.

Kwanza usalama. Mtu asipande kwenye chumba cha rubani mpaka mafundi wa silaha wa jeshi wathibitishe kwamba baruti za kiti cha kumrusha rubani, za kufyatua kioo cha juu na za vizima moto zimetolewa. Pini nyekundu peke yake haitoshi. Saa na vipimo vya zamani vyenye rangi ya kung'aa gizani huenda vina radiamu, madini yenye mionzi hatari. Kuacha kung'aa si dalili ya kupoa: kilichochoka ni kemikali inayotoa mwanga, radiamu yenyewe hupungua nusu kwa miaka 1,600. Usifungue wala kufuta vumbi lake. Waite Tume ya Nguvu za Atomu. Shokapu za magurudumu nazo zina gesi yenye presha kubwa, usilegeze kifuniko chake kwa spana.

Sasa kuosha. Maji ya visima vingi vya mjini, hasa karibu na pwani, yana chumvi. Ukiyatumia unapaka kile unachotaka kutoa. Vuna maji ya mvua kutoka paa la banda. Kwa ndege ndogo ya kivita yenye urefu wa mita 15 hivi, andaa angalau lita 1,000. Tumia sabuni ya kuoshea magari isiyo kali. Sabuni ya unga na jiki viache nyumbani, vinaila alumini. Ziba midomo ya injini na mirija ya kupimia mwendo, kisha paka sabuni kuanzia chini kwenda juu ili isiache michirizi, na suuza kuanzia juu kwenda chini. Tumboni rudia kusuuza mara mbili. Mashine ya presha usiielekeze kwenye maungio wala bawaba, kwa sababu inasukuma maji ndani na kutoa grisi. Osha kabla ya masika, baada ya vuli, na mara moja katikati ya msimu wa kusi.

Kazi inayosahaulika kuliko zote ni matundu ya kutolea maji. Yako sehemu za chini za mabawa na kiwiliwili, na huzibwa na rangi au na nyigu wanaojenga kwa udongo. Yazibue kwa waya butu, mimina kikombe cha maji kwa ndani pale panapofikika, na subiri uyaone yakitoka. Yasipotoka, angalia ndege imekaaje. Tairi moja likikosa upepo au shokapu moja ikizama, ndege inainama, na tundu lililokuwa chini kabisa linakuwa si la chini tena. Maji yanatuama ubavuni na bati linaoza kutoka ndani bila kuonyesha kitu nje. Ndiyo maana ndege ya maonyesho ikae juu ya stendi za chuma, kwenye sehemu zake halisi za kupigia jeki, matairi yakigusa ardhi bila kubeba uzito. Kati ya stendi na bodi weka mpira mgumu ili chuma kisigusane na alumini.

Kutu ya alumini ni unga mweupe, na rangi hutoa vipele kuzunguka ribiti, yaani misumari inayoshikilia mabati. Komba kwa kijiti cha plastiki, kisha sugua kwa pedi ya nailoni. Usitumie brashi ya waya wala sugulio la chuma: chembe za chuma hubaki ndani ya alumini, na zikipata unyevu hufanya kazi kama betri ndogo inayoila alumini. Kama praima (rangi ya kwanza ya kuzuia kutu) ya zamani ni ya kijani au manjano, huenda ina kromati inayosababisha saratani. Sugua ikiwa imeloa, vaa barakoa ya vumbi la sumu. Suuza, kausha, na paka praima ya epoksi siku hiyohiyo, kabla umande wa jioni haujashuka. Rimu za ndege nyingi za zamani ni za magneziamu. Usizipige grainda, vumbi lake linashika moto, na moto huo hauzimwi kwa maji bali kwa mchanga mkavu.

Turubai la plastiki huvutia kwa bei, lakini hufungia unyevu na kukwaruza kioo cha rubani kila upepo unapovuma. Paa la bati lililo wazi pembeni ni bora zaidi. Kioo chenyewe ni akriliki: kioshe kwa maji na sabuni laini, kifute kwa kitambaa cha pamba. Dawa ya vioo yenye amonia hukipasua nyufa ndogondogo zisizorudi.