Riwaya ya sura 361 kwa mtu wa kazi

Riwaya ndefu huachwa njiani zaidi kwa mpango mbaya kuliko kwa uvivu. Mtu huapa kusoma kurasa hamsini kila Jumamosi. Jumamosi ya kwanza kuna matanga Siaya, ya pili kuna chama, na akirudi kitabuni hakumbuki nani ni nani. Pima kwa sura, na soma siku za kazi.

Chukua War and Peace ya Mrusi Leo Tolstoy, ile inayoogopwa kuliko zote. Ina sura 361, na tafsiri yake ya Kiingereza ina maneno zaidi ya 550,000, yaani wastani wa maneno 1,500 na kitu kwa sura. Ukisoma polepole, maneno 150 kwa dakika, sura moja ni dakika kumi hivi. Sura mbili kila siku, Jumatatu hadi Ijumaa, zinakumalizia kitabu kwa wiki 36 na kitu, na wikendi inabaki ya matanga na kufidia. Hesabu hii haihamishiki hivi hivi: Middlemarch ya George Eliot ina sura 86 tu, lakini kila moja kwa wastani ni zaidi ya mara mbili ya hizo, kwa hivyo huko moja kwa siku yatosha. Jipime kwa saa ya simu katika sura tatu za mwanzo ndipo upange.

Sasa dakika hizo ishirini. Usizitafute sebuleni kati ya taarifa ya saa moja na ile ya saa tatu, runinga itakushinda. Zimo kwenye matatu inayongoja kujaa, Nakuru kwenda Njoro au Kisumu kwenda Maseno, hasa nje ya saa za msongamano. Panda mapema, kaa dirishani, anza kabla injini haijawashwa. Barabara ikianza matuta, acha: macho yametulia kwenye ukurasa huku mwili unayumba, na kichefuchefu hutoka hapo. Badili usikilize. LibriVox ina vitabu vya kale vilivyosomwa kwa sauti, bure. Pakua sura za wiki nzima kwa waifai ya ofisini, kisha weka spika ya sikio moja tu ili umsikie kondakta. Mvua ya alasiri ya Kakamega ikishapiga mabati, kusikiliza hakuwezekani, lakini kusoma kwa macho kunaenda vizuri ajabu.

Kitabu chenyewe hakina haja ya kukugharimu. Project Gutenberg, maktaba ya mtandaoni, inatoa tafsiri ya Louise na Aylmer Maude bila malipo. Chukua faili isiyo na picha, kuza herufi, na uiweke simu katika hali ya ndegeni kabla ya kufungua, la sivyo kundi la WhatsApp la familia litakula sura ya pili. Ukipenda karatasi, ulizia maktaba ya umma ya Nakuru, Kisumu au Kakamega, na siku hiyohiyo uliza jinsi ya kuongezewa muda. Ukinunua mtumba barabarani, fungua katikati usikilize gundi: ikilia kra, kurasa zitaanza kudondoka. Halafu tazama mwisho. Epilogi, yaani hitimisho la kitabu, yenye sehemu mbili isipokuwepo, umeshika kifupisho au kurasa zimeng'oka.

Wengi hukwama kwenye majina. Kitabu kinafunguka Julai 1805, kwenye karamu ya Anna Pavlovna Scherer mjini Petersburg, na wageni wanamiminika. Usiwashike wote. Shika wawili, Pierre na Andrei. Wengine wakihitajika watarudi. Shida ni kwamba Pierre huyo huyo ni Pyotr Kirillovich Bezukhov. Kirillovich ni jina la baba: Mjaluo angesema wuod Kirill, Mkalenjin arap Kirill. Natasha wa nyumba ya Rostov naye ni Ilyinichna, nyar Ilya, yaani binti Ilya. Nunua daftari la kurasa 48, na ukurasa wa nyuma ugawe kwa nyumba nne, Bezukhov, Rostov, Bolkonsky na Kuragin. Kila mtu mwandikie jina kamili, jina la baba na jina la nyumbani. Kurasa za mbele ni za mstari mmoja baada ya kila sura: nani, wapi, nini kimebadilika. Mstari huo ndio utakaokuokoa ukikosa wiki.

Tabia moja ya shuleni iache: kuwinda maudhui na tamathali kana kwamba kuna swali la dondoo mbele. Hakuna mtihani hapa. Na kamusi iwe ya maneno mawili tu kwa sura, yale yanayozuia usijue kilichotokea. Mengine weka nukta ya penseli uendelee, maana kila ukisimama unapoteza uzi wa sentensi.

Ukikosa siku, usijiwekee deni. Anayejilazimisha sura nane Jumatatu kwa sababu ya wiki iliyopita huacha kitabu Jumanne. Zikipita siku nne au zaidi, soma mistari kumi ya mwisho daftarini, rudia sura moja, kisha endelea na mbili zako. Na ukifika sura ya 40 bila kumjali mhusika hata mmoja, rudisha kitabu bila aibu, uchukue kingine.

Sura za kivita zitakwenda vizuri ukiwa na ramani ndogo ya mapigano ya Austerlitz na Borodino. Zile ambazo Tolstoy anaacha hadithi kuhubiri historia unaweza kuzipitia haraka. Sehemu ya pili ya epilogi, sura 12, ni mahubiri matupu. Wahusika wako wameshaagana nawe kabla yake. Ukiziacha, unaokoa wiki moja na siku moja.