Kabla Ruzuku ya Washington Haijaingia Benki

Halmashauri ndogo za Marekani zinapokwama kwenye ripoti za ruzuku za serikali ya shirikisho, mara nyingi hakuna aliyeiba. Tatizo ni kwamba hesabu zilianza kupangwa siku ripoti ilipodaiwa. Mji wenye mhasibu mmoja na karani unapokea fedha, unatengeneza barabara, kila mtu anaiona. Tarehe ya ripoti inafika, na hakuna anayeweza kusema dola zipi zililipia lami na zipi zililipia mifereji. Yaliyomo hapa ni ya kuweka sawa mapema. Yanawahusu pia viongozi wa vyama vya kijamii, vikiwemo vya Wakongo na Warundi wanaoishi huko, wanaopewa na mji au kaunti sehemu ya fedha hizo.

Hati ya ruzuku isomwe yote, na isomwe na mtu atakayeandika ripoti, asiachiwe aliyeomba fedha peke yake. Masharti mengi hayamo ndani ya hati. Yanatajwa tu kwa namba ya kanuni. Kanuni mama ni 2 CFR 200, yaani sehemu ya 200 ya kitabu cha pili cha mkusanyo wa kanuni za shirikisho. Ilifanyiwa marekebisho makubwa yaliyoanza kutumika Oktoba 1, 2024, kwa hiyo tarehe ya ruzuku yako ina maana. Kwa mfano, kiwango cha juu cha gharama za uendeshaji ambacho mpokeaji anaweza kudai bila kuwa na makubaliano maalumu kilikuwa asilimia 10, kikapanda hadi 15. Kifaa kilichohesabiwa kuwa mali ya kudumu kuanzia dola 5,000 sasa huanzia dola 10,000. Mji wenye ruzuku ya zamani na mpya kwa pamoja unaweza kujikuta una sheria mbili kwenye kabati moja. Andika juu ya kila faili ni ipi inayotumika.

Usajili kwenye SAM.gov, tovuti ya serikali ya shirikisho ya kusajili wapokeaji wa fedha zake, uangaliwe leo. Namba ya utambulisho yenye herufi na tarakimu 12, iliyochukua nafasi ya namba ya zamani ya DUNS mwezi Aprili 2022, haiishi muda. Usajili wenyewe huisha kila mwaka, na ukiisha, ruzuku mpya haitoki. Jina la kisheria na anwani vifanane na vilivyo kwenye nyaraka za mji, maana mfumo huvilinganisha na ukikuta tofauti utadai vithibitisho. Tena hakikisha watu wasiopungua wawili wana ruhusa ya kuingia. Akaunti ni ya mtu, haihami na ofisi, na karani aliyestaafu haachi funguo mezani.

Baada ya hapo, vitabu. Kila ruzuku ipewe kasma yake kabla ya senti ya kwanza kulipwa, na kila hati ya malipo iandikwe kasma hiyo siku inapoidhinishwa. Najua ofisi nyingi hutengeneza jedwali la pembeni kwenye kompyuta na kuandika ripoti kutoka humo. Jedwali hilo ndilo chanzo cha hoja nyingi za ukaguzi, kwa sababu mhasibu akirekebisha leja mwezi wa pili, jedwali halijui. Ripoti itoke kwenye leja. Siku ya kuituma, chapisha leja ya siku hiyo, linganisha jumla, weka sahihi, hifadhi. Amueni pia mapema kama mnaripoti fedha zilizokwisha kulipwa au gharama zilizokwisha kutokea hata kama bado hazijalipwa, kwa sababu fomu ya fedha ya SF-425 inauliza hivyo, na kubadili katikati ya safari kunavuruga kila robo iliyotangulia.

Mtego unaowanasa wengi ni fedha zinazopitia serikali ya jimbo. Malipo yanakuja yana jina la jimbo, barua ina nembo ya jimbo, na mhasibu anaziandika kama fedha za jimbo. Kumbe asili yake ni Washington. Kila programu ya shirikisho ina namba yake: tarakimu mbili, nukta, kisha tatu. Fedha za kujikwamua baada ya korona zilizogawiwa miji na kaunti ni 21.027, na ruzuku ya maendeleo ya jamii, CDBG, inayokwenda moja kwa moja kwa miji mikubwa ni 14.218. Anayepitisha fedha anawajibika kukutajia namba hiyo. Asipoitaja, mwandikie umuulize, na jibu liwekwe kwenye faili.

Umuhimu wake unaonekana mwisho wa mwaka. Mji uliotumia dola 1,000,000 au zaidi za shirikisho katika mwaka wake wa fedha lazima ufanyiwe ukaguzi maalumu unaojumuisha ruzuku zote. Kiwango kilikuwa dola 750,000 kwa miaka ya fedha iliyoanza kabla ya Oktoba 1, 2024. Kinachohesabiwa ni matumizi, wala si mapokezi, na ruzuku zote hujumlishwa, za moja kwa moja na za kupitia jimbo. Taarifa ya ukaguzi hutakiwa ndani ya siku 30 baada ya mkaguzi kuikabidhi, au miezi tisa baada ya mwaka wa fedha kuisha, lolote litakalotangulia. Wakaguzi wenye uzoefu wa kazi hii ni wachache kwenye majimbo mengi ya vijijini. Usisubiri mwaka ufungwe ndipo utafute.

Mishahara inahitaji uangalifu wa pekee. Chukua fundi wa idara ya ujenzi anayetengeneza njia za watembea kwa miguu kwa fedha za CDBG asubuhi, na mchana anapakua chumvi ya kuyeyusha barafu barabarani kwa fedha za mji. Karatasi yake ya saa ikionyesha nusu kwa nusu kila wiki, mwaka mzima, mkaguzi hatauliza maswali mengi, ataikataa. Makadirio ya bajeti peke yake hayakubaliki kuwa ushahidi wa malipo ya mshahara. Zinatakiwa saa halisi, zilizoandikwa karibu na siku ya kazi, na kuthibitishwa na anayemsimamia. Na mkandarasi wa ujenzi unaolipiwa na CDBG, mkataba ukizidi dola 2,000, kwa kawaida lazima awasilishe orodha ya mishahara kila wiki chini ya Davis-Bacon, sheria ya mwaka 1931 ya mishahara ya mafundi wa ujenzi. Kuzidai orodha za wiki 20 kwa mpigo, kazi ikiwa imekwisha na mafundi wametawanyika, ni adhabu kwa pande zote mbili.

Mji ukikipa chama cha kijamii sehemu ya ruzuku, kwanza uamue chama hicho ni nani: kinauza huduma kama mkandarasi yeyote, au kinaendesha sehemu ya programu yenyewe? Cha pili hurithi masharti na lazima kisimamiwe. Mgao wa dola 30,000 au zaidi huripotiwa hadharani kabla ya mwisho wa mwezi unaofuata ule wa kutoa ahadi, kwa hiyo mkataba uliosainiwa Juni 3 una hadi Julai 31. Tangu Machi 2025 ripoti hiyo hufanyika ndani ya SAM.gov. Kwa upande wa chama: chukueni namba ya utambulisho mapema, fungueni kasma tofauti hata kama mgao ni mdogo, na mkumbuke kwamba muda wa ruzuku ukiisha mna siku 90 za kufunga hesabu wakati mji una 120. Zile 30 za katikati ndizo mji unazotumia kupitia stakabadhi zenu.

Tarehe nazo haziombewi huruma. Fedha za 21.027, zile za korona, zilitakiwa zifungwe kwa mkataba au oda ifikapo Desemba 31, 2024, na kwa miradi mingi zitumike zote ifikapo Desemba 31, 2026. Mradi ukibaki na bakaa, haimaanishi unaweza kubuni mradi mwingine.

Stakabadhi zitunzwe miaka mitatu tangu kutuma ripoti ya mwisho ya fedha, na zaidi ikiwa hoja ya ukaguzi bado haijafungwa. Stakabadhi ya karatasi laini hufifia ndani ya miezi, ipigwe picha siku ileile. Halafu kuna sahihi. Anayesaini anathibitisha kwamba taarifa ni za kweli na kamili, na akidanganya kwa kujua anaweza kushtakiwa yeye binafsi. Meya apewe rasimu wiki moja kabla, ikiwa na leja pembeni, na mhasibu awepo kujibu maswali.