Jinsi ya kufatilia mvua kubwa na mafuriko ya mto kwenye ramani za mtandaoni (mfano Rufiji)

Wengi wetu tukifungua apu ya hali ya hewa tunaangalia kale kawingu ka hapo hapo tulipo, kakiwa na jua tunalala. Kwa mafuriko ya mto hapo ndo tunapofeli. Mtu wa Muhoro au Ikwiriri anaweza akaanika mpunga kwenye jua kali na maji bado yakamfuata, mana mvua inayojaza Rufiji kwa sehemu kubwa hainyeshi Rufiji, inanyesha huko Iringa, Njombe, Mbeya, milima ya Udzungwa, bonde zima la Kilombero na kusini upande wa Ruvuma, afu inashuka kwa Kilombero, Luwegu na Ruaha Mkuu mpaka inakutana kwenye mto mmoja. Kwa hiyo kabla hujagusa ramani yoyote jiulize mto wako unatoka wapi, huko ndo pa kuangalia. Wa Garissa na Garsen ni hivyo hivyo, Tana yenu inaanzia Mlima Kenya na Aberdare.

Sasa anza na Windy, ni ramani ya hali ya hewa ya mtandaoni. Ipo kwenye browza na ipo kama apu, bure. Ukifungua utaona upepo unakimbia kimbia, inapendeza ila kwa mto haikusaidii, nenda kwenye orodha ya matabaka (layers) uchague lile linalojumlisha mvua ya siku kadhaa, weka siku 3 au 5, afu sogeza ramani mpaka huko juu mto unakoanzia. Bonyeza sehemu moja uone milimita. Mvua ya milimita 20 kwa siku 5 sio habari, ila ukiona 150 au 200 imetanda eneo lote la juu na ardhi ilishaloa tangu wiki iliyopita, hapo kaa macho. Halafu usiishie kwenye modeli moja (yaani hesabu ya kompyuta inayotabiri hali ya hewa), chini pale kuna ECMWF ya Ulaya na GFS ya Wamarekani, badilisha uone. Zikikubaliana ndo nzito, zikipishana sana subiri kesho uangalie tena, na mimi zaidi ya siku 5 mbele huwa siziamini hata kidogo kwa mvua za huku kwetu.

Kitu kingine, usihangaike kutafuta rada. Maeneo mengi ya kwetu tabaka la rada linakuja tupu, na tupu haimaanishi hakuna mvua. Tumia picha za setelaiti, Zoom Earth ni nyepesi na unaweza kurudisha nyuma uone wingu lilivyotembea.

Ukishajua mvua ipo, hamia kwenye mto wenyewe. Google wana Flood Hub, haitaki kujisajili, unaandika jina la eneo, vinatokea vidoti kando ya mto, ukigusa kimoja inakuja grafu ya siku 7 mbele ikiwa na mistari ya viwango vya hatari. Usikodolee namba ya leo, angalia mstari unapanda au unashuka na lini unavuka kiwango. Pia gusa vidoti vya juu ya mto, cha juu kikianza kupanda ujue zamu yako inakuja. Ya pili ni GloFAS ya Copernicus, mpango wa Umoja wa Ulaya, hii inaweza kukutaka akaunti (bure) na sura yake ni ya kiofisi kidogo, ila rangi zake zinaeleweka: njano ni mafuriko ya aina inayotokea kama mara moja kwa miaka 2, nyekundu miaka 5, zambarau miaka 20. Ukiona zambarau kwenye mto wako usisubiri kuuliza watu.

Ila hapa kuna mtego mkubwa. Vidoti vingi sio vipimo vilivyochomekwa mtoni, ni hesabu za kompyuta, na kompyuta haina habari kwamba leo bwawa limefungulia maji. Rufiji kuna bwawa la Julius Nyerere, Ruaha kuna Mtera na Kidatu, Tana ina mlolongo wa mabwawa kuanzia Masinga. Chini ya bwawa grafu inaweza kukudanganya pande zote mbili, kwa hiyo tangazo la wenye bwawa na la mwenyekiti wa kijiji lina uzito kuliko kidoti.

Kwa vimbunga vya baharini, Zoom Earth na Windy zote zinachora njia. Ule mstari wa katikati usiushike sana, shika upana wa eneo linaloweza kuguswa. Kenneth ya Aprili 2019 watu wa Mtwara waliambiwa wajiandae, ikaishia kupiga Cabo Delgado upande wa Msumbiji. Hidaya ya Mei 2024 nayo ilipungua nguvu ilipofika Mafia, lakini mvua na mawimbi pwani yalikuwepo.

Angalia saa pia. Ramani nyingine zinaandika UTC, yaani saa ya kimataifa, ambayo iko nyuma yetu masaa 3, kwa hiyo 12 UTC kwetu ni saa 9 alasiri, na 00 UTC ni saa 9 usiku.

Na TMA (Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania) wakitoa taarifa soma neno lenyewe: angalizo, tahadhari, tahadhari kubwa, zinapanda hivyo. Ramani yako ikisema shwari na TMA wakasema tahadhari, fuata TMA. Bando likiwa dogo fungua mara mbili tu, asubuhi na jioni, modeli hazibadiliki kila dakika. Ukituma skrinishoti kwenye grupu la kijiji andika juu yake tarehe, saa na jina la mto, mana ile picha itazunguka mpaka mwakani.