Kufungua Duka Kampala Ukitokea Nchi Jirani

Mtaji wa mgeni Kampala mara nyingi hufia kwenye fremu, yaani chumba cha duka, kabla mzigo haujaingia. Mtu anafika Kikuubo, mtaa wa biashara ya jumla katikati ya mji, anaona wanunuzi wamejaa hadi njia haipitiki, analipa chumba wiki ileile. Baadaye anagundua kwamba hana kampuni, hana TIN (namba ya mlipakodi), na muhuri ulio kwenye pasi yake ni wa matembezi tu. Anza na karatasi. Fremu iwe ya mwisho.

Kabla hujaondoka kwenu, chukua cheti cha polisi cha tabia njema, maana utakihitaji kwenye maombi ya kibali na kukifuata ukiwa Kampala ni gharama na usumbufu. Mkenya au Mnyarwanda anaweza kuvuka mpaka kwa kitambulisho cha taifa, lakini kwa safari ya biashara beba pasi hata hivyo: benki na uhamiaji wataiuliza. Raia wa Afrika Mashariki huweza kupewa hadi miezi sita mpakani. Muda huo ni wa kutembea na kutafiti soko, si wa kusimama dukani ukiuza.

Kampuni husajiliwa URSB, ofisi ya usajili ya Uganda, kwa mtandao. Unahifadhi jina kwanza, kisha unajaza fomu za wakurugenzi, hisa na anwani. Mtu mmoja anaruhusiwa kuwa na kampuni peke yake, kwa hiyo usimwandikishe Mganda hisa ili tu kukamilisha idadi. Hisa hizo ni mali yake kisheria, na siku mkikosana hutazipata kwa maneno. Fomu ya wamiliki halisi, yaani watu wanaoimiliki au kuiongoza kampuni kwa kweli, nayo ni ya lazima. Ukimaliza hapo, omba TIN kwa URA, mamlaka ya mapato. TIN haina malipo, na anayekutoza anajilipa mwenyewe.

Kibali cha kazi huombwa uhamiaji, nao kwa mtandao. Daraja la wafanyabiashara ni D. Wakenya na Wanyarwanda hawatozwi ada, lakini kuomba ni lazima kwao pia. Mtanzania aulize ada ya sasa mapema na kuiweka kwenye hesabu ya mtaji, pembeni kabisa na pesa ya mzigo.

Sasa fremu. Katika majengo ya maduka katikati ya mji, mbali na kodi ya pango, mara nyingi utadaiwa gudwili, yaani pesa ya kumtoa aliyemo. Hapa ndipo wageni wanapoumia zaidi. Anayepokea gudwili huwa si mwenye jengo. Anaweza kuwa mpangaji ambaye mkataba wake unakwisha mwezi ujao. Kwa hiyo usilipe hadi meneja wa jengo akuandikie kwamba anakutambua kama mpangaji, kwa jina la kampuni yako na muda uliotajwa. Zungumza na majirani wawili watatu, na umwone mwenyekiti wa LC1, yaani serikali ya mtaa, wa eneo hilo. Lipa kwa benki ili alama ibaki. Kama unataka kiwanja badala ya chumba, fahamu kwamba asiye raia hawezi kumiliki ardhi ya mailo (umiliki wa kudumu wa asili ya Buganda) wala ya umilikaji wa kudumu wa kawaida. Hupewa ukodishaji tu, usiozidi miaka 99. Upekuzi wa hati hufanywa ofisi ya ardhi kwa namba za bloku na ploti, kabla ya kutoa hata shilingi. Ukishapata mahali, leseni ya biashara huchukuliwa KCCA, mamlaka ya jiji la Kampala, au kwenye manispaa ukiwa nje ya jiji.

Mzigo kutoka nyumbani una mtego wake. Bidhaa iliyozalishwa ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki haitozwi ushuru wa forodha ikiwa na cheti cha uasili, kinachoonyesha ilikotengenezwa. Kwa mzigo usiozidi dola 2,000 kipo cheti chepesi kinachotolewa mpakani, Mutukula na Busia zikiwemo. Wengi husikia "haina ushuru" wakadhani haina kodi. VAT, kodi ya ongezeko la thamani, ya asilimia 18 bado ipo kwa bidhaa zinazotozwa. Piga hesabu hiyo kabla ya kupakia lori.

Kwa kodi ya mapato, mauzo ya shilingi za Uganda milioni 10 hadi 150 kwa mwaka hutozwa kodi ya kukadiria, yaani inayopimwa kwa mauzo badala ya faida, na daftari lako lina thamani ya pesa taslimu. Chukua duka linalouza milioni 70: lenye kumbukumbu hulipa 180,000 pamoja na asilimia 0.6 ya kilichozidi milioni 50, jumla 300,000. Lisilo na kumbukumbu hulipa 400,000. Ukivuka milioni 150 unaingia VAT na risiti za EFRIS, mfumo wa URA wa risiti za kielektroniki. Viwango huweza kuguswa na bajeti kila Julai, hivyo uliza upya mwezi huo.

Ukiajiri hata mtu mmoja, NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, inakuhusu: asilimia 5 kutoka kwenye mshahara wake na 10 kutoka kwako, kabla ya tarehe 15 ya mwezi unaofuata. Na uajiri mtu anayejua Kiganda. Kiswahili kitakusaidia kwa madereva na wateja wa mipakani, lakini bei ya Kikuubo hujadiliwa kwa Kiganda.