Somo: Mafao ya wafanyakazi katika hesabu za kampuni, hasa likizo isiyochukuliwa

Tangu Januari nimejibu swali moja mara nyingi mno, ana kwa ana hapa Tanga mjini na kwa simu kutoka Muheza na Korogwe: gharama ya mfanyakazi inaandikwa lini? Nimeamua kuliandika kwa ukamilifu, ili atakayeuliza tena nimwelekeze hapa. Gharama huandikwa katika kipindi ambacho mfanyakazi ametoa jasho lake, hata kama fedha itatoka benki mwaka mwingine. Kanuni inayotuongoza ni IAS 19, yaani kiwango cha kimataifa cha uhasibu kuhusu mafao ya wafanyakazi, na kampuni ndogo zinazofuata IFRS (viwango vya kimataifa vya taarifa za fedha) ya biashara ndogo na za kati hukuta mambo yanayofanana nayo katika sehemu ya 28.

Hatua ya kwanza. Tenga mafao katika makundi manne: ya muda mfupi (yanayotarajiwa kulipwa yote ndani ya miezi 12 baada ya mwaka wa hesabu kufungwa), ya baada ya ajira (kama pensheni), mengine ya muda mrefu (kama zawadi ya kutumikia miaka 20), na ya kusitishwa kazi.

Hatua ya pili. Andika mshahara ghafi kuwa gharama, kisha ongeza michango ya mwajiri pekee. Mwenye mshahara wa shilingi 840,000 akikatwa asilimia 10 ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, ile 84,000 yake imo tayari ndani ya mshahara wake. Kampuni huongeza 84,000 ya kwake na 4,200 ya WCF, mfuko wa fidia kwa wafanyakazi, jumla 928,200. Anayeandika makato ya mfanyakazi kuwa gharama ya pili anaipunguzia kampuni faida isivyo haki.

Hatua ya tatu: likizo ambayo haijachukuliwa. Naomba msome hapa polepole. Mwaka wangu wa kwanza nikiwa mhasibu wa kiwanda kimoja, niliiruka hatua hii. Daftari la likizo lilikaa ofisi ya utumishi, ndani ya kabati la chuma, nami niliamini kwamba maadamu hakuna aliyedai, hakuna deni. Faida ikaonekana nzuri na wenye hisa wakapewa gawio. Mwezi Aprili kiwanda kikapunguza zamu moja, watu 19 wakaondoka, na kila mmoja alistahili kulipwa siku zake. Nilikaa na daftari lile, kurasa zake zimenyonya unyevu wa bahari hadi wino wa bluu umetawanyika, nikahesabu siku za mmoja mmoja: 11, 26, 8, 31. Gharama yote iliangukia mwaka mpya ilhali kazi ilifanyika mwaka uliopita, na fedha ya kuwalipa ilikuwa imekwisha kugawiwa. Mzee mmoja wa stoo alisubiri haki yake kwa wiki sita. Kosa lilikuwa langu.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi siku 28 mfululizo kwa mwaka, sikukuu zikiwemo ndani yake, na likizo hiyo ichukuliwe ndani ya miezi sita baada ya mzunguko wake kwisha, au miezi 12 iwapo mfanyakazi ameridhia na kazi inalazimu. Basi siku zinazovuka mwaka wa hesabu ni deni. Mwenye 840,000 hupata 28,000 kwa siku ya kalenda. Akibakiwa na siku 11 ni 308,000, na ukiongeza mchango wa NSSF wa mwajiri, 30,800, inakuwa 338,800, bila kusahau WCF. Debiti gharama ya mafao, krediti deni la likizo, yaani gharama inaongezeka na deni linaongezeka kwa kiasi kilekile.

Usigawanye mshahara kwa 26, yaani siku za kazi za mwezi, kisha ukazidisha kwa siku za kalenda, kwa maana deni litavimba. Ikiwa nyongeza ya mshahara ya Januari imekwisha kuamuliwa, tumia mshahara mpya, kwa sababu ndio utakaolipwa. Tena, mtu akienda likizo mwaka unaofuata, punguza deni. Ukiandika gharama upya umehesabu mara mbili. Wengine hurekebisha tofauti tu mwisho wa mwaka, nayo ni njia sahihi, lakini chagua moja.

Hatua ya nne. Bonasi iandikwe pale tu kampuni inapokuwa na wajibu wa kuilipa, kwa mkataba au kwa mazoea, na kiasi chake kikadirike.

Hatua ya tano. Kampuni ikiahidi kiinua mgongo chake yenyewe, mfano mshahara wa mwezi mmoja kwa kila mwaka wa utumishi, mwite mtakwimu bima, mtaalamu wa kukadiria malipo ya miaka ijayo. Usikisie mwenyewe.

Maswali ya wanachama

Karani wa Ngamiani: Naomba muhtasari, likizo tunadebiti nini?

Mwandishi: Imo katika hatua ya tatu. Tafadhali isome.

Mhasibu wa Pongwe: Sisi tunaandika likizo inapochukuliwa na TRA, mamlaka ya mapato, hawajawahi kutuuliza.

Mwandishi: Ndugu, TRA wanaangalia kodi, ambayo ina kanuni zake. Mimi nazungumzia taarifa wanayoisoma wenye hisa na benki, na taarifa yenye deni lililofichika si sahihi hata kama hakuna aliyeuliza.

Binti wa Chumbageni: Shikamoo mwalimu. NSSF humlipa mstaafu pensheni kwa kikokotoo. Je, kwetu si mpango wa mafao yaliyoainishwa, ambamo mwajiri ndiye anayeahidi kiasi cha mafao?

Mwandishi: Marahaba, mwanangu, umeuliza vizuri. Tazama nani anabeba hatari. Mfuko ukipungukiwa, kampuni yako haidaiwi zaidi ya michango yake. Kwa hiyo kwa mwajiri ni mpango wa michango iliyoainishwa, ambamo wajibu wake unaishia kwenye mchango, nawe unaandika mchango wa mwezi basi. Kiinua mgongo cha kampuni ni tofauti, kwa kuwa mishahara ikipanda au watu wakidumu kazini, mzigo ni wako. Hapo mtakwimu bima hupunguza malipo ya baadaye hadi thamani yake ya leo kwa kutumia riba ya hati fungani, na pasipo soko pana la hati fungani bora za kampuni hutumia za serikali. Makadirio yakibadilika, kwa IAS 19 tofauti huenda kwenye mapato mengine jumuishi, sehemu inayoonyeshwa kando ya faida, haipiti katika faida ya mwaka.

Mwanachama wa Korogwe: Na malipo ya kuachishwa, siku saba kwa kila mwaka hadi miaka 10, tuyalimbikize kila mwaka?

Mwandishi: Hapana, kaka. Kinachoyazaa ni uamuzi wa kumwachisha mtu, wala si miaka yake kazini. Anayeacha kwa hiari hayapati. Yaandike pale ambapo kampuni haiwezi tena kurudi nyuma.

Karani wa Ngamiani: Nimesoma, samahani. Siku za ugonjwa nazo ni deni?

Mwandishi: Hakuna ubaya. Kwa kawaida sio deni, kwa sababu siku 126 katika mzunguko wa miezi 36 zisipotumika hazilipwi wala hazihamii mzunguko unaofuata. Andika gharama mtu anapougua.

Mwanachama wa Korogwe: Idara za shambani hazirudishi fomu za likizo kwa wakati. Unafanyaje?

Mwandishi: Siwasubiri. Tarehe 20 Desemba ninachapisha orodha, ninakwenda nayo mwenyewe asubuhi kabla watu hawajatawanyika, na kila mmoja anasaini mbele ya idadi ya siku zake. Asiyekubali idadi tunafungua daftari papo hapo, yeye na msimamizi wake wakiwepo. Watu 60 nimewamaliza kwa siku tatu.