Somo: Kutambua tokeni za maduka za vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861–1865

Mwaka 1862 Wamarekani walificha dhahabu, fedha, na mwishowe hata senti. Chenji ilipoadimika, wenye maduka na baa walijipigishia tokeni (vipande vya chuma vilivyotumika kama sarafu) za senti moja, nyingi zikiwa na mwaka 1863. Sheria ya 22 Aprili 1864 ilizipiga marufuku.

1. Tenga. Yenye jina la duka na mji ni ya mfanyabiashara. Yenye bendera au kaulimbiu bila duka ni ya kizalendo. Za wachuuzi wa kambini, mara nyingi zikitaja kikosi, ni adimu.

2. Pima. Kipenyo ni karibu milimita 19. Uzito hutofautiana hata kwa tokeni halali, kwa hiyo usiikatae kwa mizani pekee. Kagua ukingo kwa lenzi ya 10x: mstari wa muungano pamoja na vitundu usoni ni dalili kwamba imemiminwa kwenye kalibu. Halali zilipigwa kwa muhuri.

3. Tafuta nambari ya Fuld, yaani ya katalogi ya tokeni hizi iliyoandaliwa na George na Melvin Fuld. Hapa ndipo pesa hupotea, kwa sababu wengi husoma uso mmoja tu. Ya kizalendo hutajwa kwa nambari ya kila uso, kisha herufi ya madini: a shaba nyekundu, b shaba njano. Ya duka huanza na jimbo na mji (OH165 ni Cincinnati, NY630 ni New York), kisha herufi ya mwenye duka. Uso uleule ukiwa na mgongo mwingine, au madini mengine, unaweza kuruka kwenye kipimo cha uadimu kutoka R1 (zaidi ya 5,000 zimesalia) hadi R9 (mbili hadi nne).

4. Hifadhi. Usisugue kamwe, rangi ya asili ikitoka hairudi. Mafuta yaondoe kwa asetoni safi, mbali na moto. Epuka mifuko ya plastiki ya PVC, huacha ute wa kijani. Kwenye joto la pwani weka silika jeli (vipakiti vya kufyonza unyevu).

Maswali

*Mwalimu, zote zimekuwa kahawia. Nitajuaje shaba ipi?*
Pima ikiwa kavu, kisha ikining'inia kwa uzi ndani ya maji. Gawanya uzito mkavu kwa uzito uliopungua: shaba nyekundu hukaribia 8.9, njano 8.4 hadi 8.7. Kwa tokeni ya gramu 3 tofauti inaweza kuwa gramu 0.01 tu, hivyo tumia mizani ya 0.001. Viputo vya hewa vikiganda juu yake, jibu litashuka.

*Yangu imeandikwa SPOOT badala ya SPOT. Ni feki?*
Hapana kwa sababu hiyo pekee, ndugu. Ni kosa la mchongaji wa muhuri, linajulikana kwenye tokeni za Dix, zenye amri ya John Dix kwamba anayeishusha bendera apigwe risasi papo hapo ("on the spot"). Rudia hatua ya 2.

*Imenata kwenye sumaku.*
Iache. Shaba hainati.