Namna ya Kujenga Usawa Katika Ofisi ya Mawakili: Anzeni na Ugawaji wa Majalada

Ofisi nyingi za mawakili zinapotaka kujipima kuhusu usawa huhesabu watu: wanawake wangapi, wenye ulemavu wangapi, waliotoka katika jamii ndogo wangapi. Hesabu hiyo ina maana, kwa sababu mlango wenyewe ulifungwa kwa muda mrefu. Mwaka 1873 Mahakama ya Juu ya Marekani iliuacha usimame uamuzi wa Illinois wa kumnyima Myra Bradwell leseni ya uwakili kwa kuwa ni mwanamke, na Uingereza iliondoa kizuizi cha namna hiyo kwa sheria ya mwaka 1919. Hata hivyo, mtu aliyekwisha kuingia bado anaweza kubaki nyuma miaka yote ya kazi yake, na mara nyingi chanzo ni jambo ambalo halimo katika sera yoyote, yaani nani anapewa jalada gani.

Kwa hiyo, hatua ya kwanza ni kuyapitia majalada yote ya mwaka uliopita. Kwa kila shauri, andikeni ni nani aliyelipokea, nani aliyezungumza na mteja, nani aliyeandaa hati, nani aliyesimama siku shauri lilipokuja kwa kutajwa, na nani aliyesimama siku ya kusikilizwa. Msichanganye siku hizo mbili. Wakili anaweza kuonekana mahakamani kila wiki, akajitambulisha, akaomba tarehe nyingine na kurudi ofisini, huku akiwa hajawahi hata mara moja kumhoji shahidi wa upande wa pili. Ikifika zamu ya kupandishwa cheo, wabia watasema kwa nia njema kabisa kwamba hana uzoefu wa kuendesha mashauri, na watakuwa wanasema kweli, ila uzoefu huo ni wao waliomnyima. Mkikuta kwamba wanaotumwa kuomba tarehe wengi ni wa kundi moja, na wanaoendesha usikilizwaji wengi ni wa kundi jingine, mmekwisha kupata kazi ya kufanya.

Dawa yake ni rejista ya ugawaji wa kazi. Kila jalada jipya liandikwe humo pamoja na jina la aliyepewa na sababu fupi ya kupewa yeye, na mbia ambaye si mgawaji aikague rejista hiyo kila baada ya miezi mitatu. Sababu kama "mteja anamfahamu" isikubaliwe bila kuhojiwa, kwa maana anayefahamika leo ni yule aliyetambulishwa jana. Naye mteja akidai kwamba hataki wakili mwanamke, au wakili wa dini fulani, ajibiwe na mbia mwandamizi kwamba ofisi hupanga mawakili kwa uwezo wao; asiachiwe wakili mwenyewe kubeba aibu ya kujieleza.

Katika kuajiri, waombaji wote waulizwe maswali yaleyale, na kila msaili aandike alama zake kabla ya majadiliano kuanza. Mafunzo ya vitendo yasiyo na posho, kwa maoni yangu, ndiyo kizuizi kikubwa zaidi kwa vijana wasio na mtu wa kuwalipia kodi ya nyumba. Kanuni za Msingi za Umoja wa Mataifa kuhusu Wajibu wa Mawakili za mwaka 1990 zinakataza, katika kanuni ya 10, ubaguzi wa kuingia katika taaluma hii kwa misingi ya mali au hali ya kiuchumi pia, si jinsia na rangi peke yake.

Kwa wenye ulemavu, Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 2006 unazitaka nchi wanachama zihakikishe kuna marekebisho yanayofaa kazini. Ofisini, marekebisho hayo mara nyingi ni madogo: hati iliyopigwa skani kama picha tupu haisomeki kwa programu anayoitumia wakili asiyeona, lakini hati hiyohiyo ikihifadhiwa kama maandishi, ataisoma mwenyewe kabla ya kikao.

Limebaki suala la malalamiko. Mkataba Na. 190 wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 2019, unaohusu ukatili na unyanyasaji kazini, unawahusu hata walio katika mafunzo na wanaojitolea. Mwanafunzi hatalalamika kwa mtu ambaye ndiye atakayesaini ripoti yake, hasa ikiwa anayemlalamikia ni mtu huyohuyo. Teueni wapokeaji wawili wa malalamiko wasio na mamlaka juu ya ripoti za wanafunzi, mmoja wao akiwa nje ya ofisi, na majina yao yaandikwe katika barua ya kumpokea mwanafunzi tangu siku ya kwanza.